Moto Unaolala

Jumatano, 2 Julai 2025. Msalato, Dodoma.

Baridi! Upepo wa Julai unaingiza vumbi mpaka kwenye kikombe. Nimeamka, nimekula wali uliolala na chai ya rangi. Dorkasi, mke wangu, anasema mstaafu anayekataa kiporo hana shukrani. Nimemaliza sahani.

Habari kubwa. Jenifa amepiga simu kutoka Mvumi. Huyu ni binti wa shangazi, ndiye anayekaa na Mama. Daktari wa macho amempima Mama na kusema moshi sasa basi. Akiendelea kuinamia mafiga matatu ndani ya ile nyumba yake ya tembe, macho yatakwisha kabisa. Mama amegoma, amesusa chakula, halafu amekubali kuhamia mjini. Kwa nani? Hapo ndipo penye kazi. Kwangu, au kwa Elisha.

Elisha ni mdogo wangu. Kazi yake wizarani, Mtumba. Nyumba yake Kisasa, ya vigae, ina jiko la gesi lenye kioo kama meza ya sebuleni. Mimi ni mtunza stoo mstaafu. Lakini mimi ndiye mkubwa! Kifungua mimba! Mama yangu azeekee kwa mdogo wangu na mimi nipo, nina akili timamu na vyumba vitatu? Watu wa Mvumi watasema nini?

Mama atalala kwangu kwanza, kisha kwa Elisha, ndipo aamue. Sharti lake ni moja tu. Hawezi kuishi nyumba isiyo na moto wa kuni, tena anataka moto unaolala. Jenifa akaanza kunieleza maana yake. Nikamkatisha. Nikamwambia asinieleze lugha ya mama yangu, nimeinyonya.

Moto unaolala. Nimekaa nikafikiri, nikaelewa. Mama haoni vizuri. Anaogopa watu wamelala halafu moto uko macho, cheche inaruka, pazia linashika. Anataka moto ukishapika nao ulale. Fofofo. Nani asiyenijua mimi kwa usalama? Stoo yangu haikuwahi kuungua hata karatasi.

Na gesi ya Elisha si moto wa kuni. Amekwisha huyo.


Alhamisi, 3 Julai

Jiko ninalo. Fundi Abdulwahab alinijengea mwaka niliostaafu: matofali na udongo, matundu mawili ya sufuria, mlango wa kuni chini, bomba la moshi linalotoboa bati. Dorkasi alilitumia mara moja, siku ya kulizindua, akarudi kwenye mtungi wake wa gesi. Leo nimefungua mlango wa kuni nikakutana uso kwa uso na kuku. Analalia. Nimemwomba atoke. Kanidonoa kidole mpaka damu.

Nimewasha kwa matawi ya mwarobaini niliyokata asubuhi mbele ya nyumba. Mabichi, ndiyo. Lakini mwarobaini unatibu magonjwa arobaini, nikaona hata moshi wake hautakosa faida. Moshi haukupanda. Ulirudi! Ulitokea mlangoni, matunduni, na kwenye nyufa ambazo sikujua kama zipo. Dorkasi alikuwa ameanika mashuka meupe. Majirani walikuja mbio na ndoo za maji. Nikawatuliza, nikasema hakuna moto, ni moshi tu. Mmoja akauliza kama hakuna moto basi napika na nini. Swali la kipuuzi. 

Nikamwita Abdulwahab. Kapanda juu ya bati, kafunga jiwe ndani ya gunia, kalishusha kwa kamba ndani ya bomba, juu, chini, juu, chini. Kikatoka kiota cha shomoro. Masizi debe zima. Na kandambili! Ya Marko, mwanangu, aliyomrushia kunguru akasema imepotea. Marko sasa yuko chuoni Mbeya, ana ndevu. Nimeiosha ile kandambili nimeiweka juu ya kabati. Dorkasi kaisogeza tu isianguke.

Abdulwahab anasema bomba lisiposafishwa, hata uwe na kuni kavu, zilizokaa mwaka mzima, moshi utarudi. Anasema pia bomba ni fupi kwa sababu nilimpa fupi. Uongo mtupu. Nilimpa nililokuwa nalo.

Jioni nimenusa shati langu. Moshi. Ghafla nikawa mtoto. Shuleni Mvumi sweta langu lilinuka hivi, na wenzangu waliotoka kwenye nyumba za misheni waliniita Masizi. Nyumbani nilikuwa nalala jikoni, mgongo kwenye ukuta wenye joto. Mama aliamka kabla ya jogoo. Alifukua jivu kwa kijiti, likachomoza jicho jekundu, akaweka majani makavu, akapuliza, fuu, fuu, na uso wake ukaanza kuonekana kidogo kidogo. Pua kwanza. Halafu mashavu. Halafu meno, maana alikuwa ameshaniona nimeamka. Sikumbuki hata siku moja kumwona Mama akiwasha kiberiti. Kiberiti kilikuwa cha Baba, cha sigara. Majirani walikuja na vigae kupalia moto kwetu, wakaondoka na kaa jekundu na habari za kijiji.

Sijui alifanyaje. Wanawake wa zamani walikuwa na siri zao.


Jumamosi, 5 Julai

Suala la kuni. Mtu mjinga huokota chochote. Mimi nachagua. Kwa moto unaolala inatakiwa kuni ya kuwaka haraka na kufa haraka. Nimejaribu magunzi ya mahindi: yanawaka kwa kelele, yanakufa, safi sana. Nimejaribu maboksi: yamekufa kabla sijageuka. Maji hayajapata hata uvuguvugu, lakini usalama kwanza.

Ndipo nikamkumbuka Fabian. Tulikuwa wote stoo, sasa ana shamba la mizabibu Hombolo. Baada ya mavuno hupogoa matawi na kuyalundika pembeni. Nimekwenda, nimerudi na guta limejaa vijiti vyembamba, vikavu, vinavunjika kwa kidole. Fabian kafurahi kupunguziwa uchafu. Njia nzima nimejisifu. Moto wa mizabibu! Elisha hata kuuwaza hawezi.

Nimewasha. Mara pua ikakabwa, kama mtu amewasha boksi zima la kiberiti ndani yake. Nikampigia Fabian. Akasema, ah, ndiyo, si alivipulizia salfa ya kuua ukungu, msimu mzima. Ah, ndiyo! Sasa ndiyo anakumbuka!

Juu ya jiko kulikuwa na maharage ya Dorkasi. Ameyaonja, ameyapeleka kwa kuku, kuku wamekataa. Akatoa methali: moto huzaa jivu. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote, ni methali tu. Nimeelewa sana. Kwamba Baba alikuwa moto na mimi ndilo jivu lake. Nimenuna mpaka chakula cha jioni. Kulikuwa na mlenda, nikaacha kununa.


Jumapili, 6 Julai

Baada ya ibada nimeziosha kuni. Kwa sabuni ya unga. Nimezisuuza mara mbili na kuzianika kwenye kamba na uani kote. Dorkasi amemwita jirani aje aone. Wamecheka wakishikana mabega. Wacheke. Salfa imetoka.


Jumatatu, 7 Julai

Sikukuu ya Sabasaba. Nimekwenda Kisasa kumpeleleza Elisha, nikisingizia kusalimia. Watoto wake wana adabu, lazima niseme: shikamoo baba mkubwa, shikamoo baba mkubwa, mpaka mlangoni. Elisha kanionyesha chumba cha Mama. Kitanda, pazia la maua, na ukutani sanduku la umeme linaloonyesha picha ya moto! Miali inacheza kabisa. Unabonyeza rimoti, unazima. Moyo ulinipasuka. Moto unaolala, kwa rimoti! Nikauliza kama unatoa joto. Kidogo, akasema. Unanuka kuni? Hapana. Nikapumua. Nikamwambia ni mzuri sana, asiutoe hapo.

Halafu nikazunguka nyuma. Evodia, mkewe, mtu wa Bukoba, ana mafiga matatu uani, mahali pa wazi, upepo unachukua moshi wote kuupeleka kwa jirani. Anachemshia maharage na makande hapo, anasema gesi inamfilisi. Kuni yake ni kisiki kimoja tu, anakisukuma ndani kidogo kidogo. Kinawaka tangu Ijumaa! Na jivu, Mungu wangu, limejaa kama kichuguu. Nikamwambia shemeji, jivu lote hili, kwa nini usizoe? Akacheka, akasema jivu ndilo blanketi. Watu wa Bukoba wana misemo yao.

Nimerudi nikiimba. Moto wa kwa Elisha haulali! Uko macho usiku na mchana! Mama akiuona ule, atapanda gari siku hiyo hiyo kuja kwangu.


Jumatano, 9 Julai

Balaa. Jana kondakta wa basi la Mvumi kanipigia nikachukue mzigo. Nimefika stendi: gogo. Gogo la mti wa mkambala, zito kama ndama, kavu, gumu, moyo wake mweusi. Ubavuni lina mkato mmoja mrefu wa shoka. Jenifa kasema kwenye simu limetoka kwa Mama, na Mama amesisitiza liwe langu, si la Elisha, na nisimwambie. Akataka kuendelea. Salio lake likaisha. Sikumpigia, nilikuwa nahangaika na gogo.

Nimelijaribu. Nimelichomeka mlangoni mwa jiko saa ya chakula cha mchana. Halikuwa na haraka. Likashika taratibu, halina moshi, halina kelele, likatoa joto moja tamu mpaka Dorkasi akasogeza kigoda na kuanza kuchambua mchele pale pale. Kapika ugali wa uwele, kapika mlenda, kachemsha maji ya kuoga. Gogo limepungua kiasi cha kiganja. Nikaona basi, lilale. Likakataa! Nimelipiga, nimelivuta nje, nimelimwagia maji. Asubuhi hii bado lilikuwa linafuka upande mmoja, linanitazama.

Hii kuni gani? Ikiingia jikoni Mama akiwepo, moto hautalala mpaka Krismasi. Nimeumiza kichwa. Kisha nikaelewa. Mtihani! Mama ni mjanja. Ameniletea makusudi kuni mbaya kuliko zote aone kama mwanawe anajua kuchagua. Na ndiyo maana hakumpelekea Elisha: Elisha angefeli mara moja.

Kumbe wazo lipo hapo hapo.


Ijumaa, 11 Julai

Nimempelekea Evodia lile gogo. Zawadi kutoka kwa shemeji! Amefurahi mno, kaligonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua chungu. Anasema Wagogo bwana, hata zawadi yetu ni gogo. Nimecheka naye. Ndani kwa ndani nacheka zaidi. Kalisukuma mafigani mbele yangu. Usiku Mama atakaolala kwao, moto utakuwa macho kama askari wa benki.

Sijawahi kupanga jambo likapangika hivi.


Jumapili, 13 Julai

Mama amekuja!

Nilimpokea kwa kumwamkia hivi, shikamoo Mama, yeye akanijibu kwa Cigogo, mbukwenyi, akanishika uso wote kwa viganja. Amekuwa mdogo. Kanga zake zinanuka ile harufu. Niliganda mlangoni na mizigo yake, Dorkasi akanisukuma kwa kiwiko nipite.

Hakutaka sebule. Jikoni moja kwa moja. Nimewasha magunzi na vijiti vya mizabibu vilivyooshwa. Bomba likavuta! Moshi ukapanda wote, nikatoka nje kuuona ukitoka juu ya bati kama ilivyoandikwa. Mama akasogeza uso karibu, akasubiri macho yawashe. Hayakuwasha. Akasogea tena. Akasema, Gerson, moto hauna moshi. Akasema tena kwa Dorkasi, kana kwamba Dorkasi hakuwepo. Mimi nilikohoa kidogo. Si moshi.

Tumekula mlenda na ugali wa uwele. Mama kasimulia jinsi nilivyoungua goti nikiiba karanga zilizokuwa zinakaangwa, na jinsi Baba alivyokuwa akirudi kutoka malishoni na kuketi upande ule ule wa moto, hata kama moshi unamfuata, kwa sababu ni upande wake. Dorkasi kacheka mpaka kajifuta machozi. Sijui lini tumekaa watatu hivi. Nilitamani jioni isiishe.

Magunzi yanaisha haraka, ilibidi nichochee kila baada ya sentensi. Mama alitazama ile kazi yangu, akauliza gogo liko wapi. Nikasema lipo salama. Jambo la kweli. Akauliza kama moto wangu utalala. Nikamwambia, Mama, ondoa shaka, utalala kuliko mimi.

Alipokwenda chumbani nimezoa jivu lote. Nimefagia ndani ya jiko kwa ufagio wa chelewa, nimepangusa kwa kitambaa kibichi. Linang'aa. Elisha, kaa chonjo.


Jumatatu, 14 Julai

Nimeamka nikamkuta Mama jikoni, amechutama mbele ya jiko, mkono wake umeingia wote kwenye mlango wa kuni. Anapapasa. Ana kijiti mkono wa pili.

Akasema moto wangu umekufa.

Nikasema, hapana Mama, umelala! Kama ulivyotaka. Akageuka, akanitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, akauliza umelala wapi. Nikamweleza yote. Cheche, pazia, usalama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini. Alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akacheka tena. Akasema moto unalala kama mgeni anavyolala. Unaulaza wewe, kwenye jivu, na asubuhi unamkuta, unamwamsha, anakusalimia.

Dorkasi naye, kutoka kwenye gesi yake, akaniuliza ule wali uliolala ninaokula kila siku asubuhi, huwa umekufa?

Nikachungulia tena ndani ya jiko. 

Mama akasema basi lete gogo, tuwashe upya kwa lile.  Akaendelea mwenyewe. Anasema Baba alilikata mwaka ule alioanza kuumwa. Alipiga shoka likazama, likakwama, akalichomoa kwa shida, akasema atalipasua kesho. Kesho yake hakuamka kitandani. Tangu hapo Mama hakulichoma. Alilikalia tu, nyuma ya nyumba, jioni. Sasa anahama, akaona gogo lihame naye.

Nikasema nitalileta. Sikusema kutoka wapi. Mchana Elisha akaja na gari akamchukua.

Nimekaa mbele ya jiko. Safi kabisa. Halina hata harufu.


Jumatano, 16 Julai

Nilikwenda Kisasa nikiwa na mpango: nilirudishe gogo kwa siri kupitia geti la nyuma. Sikufika nalo popote. Mama alikuwa amekaa juu yake. Juu ya nusu iliyobaki, niseme, maana kichwa kingine kilikuwa mafigani, kinawaka bila haraka, upepo umechukua moshi wote. Alilitambua alfajiri ya kwanza, alipofukua jivu la Evodia. Kidole chake kilipita kwenye ule mkato wa shoka.

Evodia alimwambia kwamba shemeji ndiye aliyelileta. Kwa upendo.

Sikukaripiwa. Ingekuwa nafuu. Mama aliniambia nichutame, akaniambia taratibu kwamba alinitumia mimi kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshachagua. Kwa mkubwa wake. Ila alijua siwezi kulaza moto. Tangu mtoto nilikuwa nikimwaga jivu nikitaka kusifiwa kwa usafi. Ndipo akanitafutia kuni ambayo haimzimikii hata mjinga. Gogo lile, akasema, lingeulaza moto lenyewe, mimi nilitakiwa nisifanye kitu.

Nisifanye kitu tu!

Nililia. Naandika bila aibu, mtu mzima na kofia yangu, nimelia uani kwa mdogo wangu, na Elisha akaona, akajifanya anakagua ile rimoti. Mama hahami kwangu. Atakaa Kisasa, penye moto uliolala. 

Nilipoaga akanishika mkono. Akasema moto haujafika kwenye mkato wa Baba. Jumapili atakuja kwangu, atapalia kaa moja la gogo lile, alilete kwenye chungu chenye jivu. Nikililaza mpaka asubuhi likawa hai, atahamia kwangu na mabegi yake. Akasema jiko langu ni zuri kwa macho yake, tatizo ni mimi tu.

Nimetembea mpaka barabarani nikiwa mwepesi. Nafasi ya pili! Baba mwenyewe kanitumia, kwa shoka lake.


Jumamosi, 19 Julai

Kesho ndiyo siku. Safari hii hakuna kubahatisha.

Jenifa amepiga. Anaongea na Mama kila siku. Macho ya Mama yamewasha kidogo wiki hii, upepo wa Kisasa ulibadilika ukarudisha moshi, kwa hiyo ana ombi moja kwa kesho: niandae kuni zilizokaa. Jenifa akaanza kunieleza. Nikamkatisha kwa upole. Nikamwambia dada, nimejifunza, lugha ya mama yangu sasa naijua nje ndani. Nikakata simu.

Kuni zilizokaa! Kama suti inavyomkaa mtu. Makosa yangu yote yalikuwa hapo: vijiti virefu, magunzi yanayobingirika, kila kitu kimekaa ovyo. Nimepima mlango wa jiko kwa futi kamba, upana na kina. Nimeuangusha mwarobaini wa mbele ya nyumba, wote, asubuhi hii. Mbichi hukatika vizuri, haupasuki, msumeno unateleza wenyewe, maji yanatiririka. Nimekata vipande vyote sawa, vinaingia kwenye lile tundu kwa ulaini, havichezi. Vimekaa! Dorkasi kaja, kaangalia kivuli kilipokuwa, kaangalia jiko, kaingia ndani na kufunga mlango. Naamini ameguswa.

Bomba nimelifunika juu kwa sufuria kuukuu, shomoro wasirudi kujenga. Na jivu? Ha! Hapo hanishiki mtu tena. Jivu lote la mtaa nimeliomba, ninalo ndoo nzima kwa ajili ya kulaza kaa la Baba. Nimelimwagia maji ya kutosha, lisije likapeperuka likamwingia Mama machoni.